Presha Iliyopanda Kidogo na Dawa Ziitwazo za Sunna

Sifa zote njema zamthubutikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Katika darsa yetu ya Jumamosi, baina ya Maghrib na Isha, hapa Njiru, tuliletewa suala na ndugu yetu mmoja, mtu wa makamo, asili yake ni Mombasa na kazi ndiyo iliyomleta Nairobi. Alikuwa amepimwa mara tatu katika muda wa wiki mbili, akaambiwa kuwa shinikizo la damu yake, yaani presha kama wasemavyo watu, ni 138 kwa juu na 88 kwa chini. Daktari hakumpa vidonge. Alimwambia apunguze chumvi, apunguze kitambi, atembee kwa miguu, kisha arudi baada ya miezi mitatu. Siku ya pili yake, alipotoka msikitini, akauziwa chupa ya habbat sauda, kitunguu thaumu na asali kwa shilingi 1,500. Ubavuni mwa chupa pameandikwa kwa Kiarabu na Kiswahili kuwa hii ni dawa ya Mtume (S.A.W.), na kuwa yaondosha presha, sukari, pumu, na orodha ya maradhi mengine. Basi akauliza: Je, yajuzu kuliwacha shauri la daktari na kuitegemea chupa hii, kwa kuwa hii ni sunna na lile ni la watu tu? Na mwenye kuitilia shaka chupa hii, je, ameitilia shaka hadithi?

Tulimjibu papo hapo kwa muhtasari, tukaahidi kuandika. Na lililotusukuma kuandika ni kuwa suala hili halikuja peke yake. Yuko mwenzetu mwengine katika halaka hii, ambaye presha yake haikuwa ya kupanda kidogo, bali ilikuwa ya juu, akawa atumia vidonge vya hospitali kwa miaka sita. Mwaka jana aliambiwa na mtu mwenye kilemba kwamba vidonge vile ni sumu ya polepole na kwamba muumini humtosha alichokisema Mtume wake. Akaviacha, akanywa chupa. Mwezi wa nne akaanguka msalani. Hivi leo akisimama katika safu, mkono wake wa kulia haunyanyuki kwa takbira. Aunyanyua kwa wa kushoto. Sisi hatusemi kuwa habbat sauda ndiyo iliyompoozesha. Twasema kuwa kuviacha vidonge ndiko kulikomwacha bila ya kinga, na aliyemwamrisha kuviacha alimwamrisha kwa jina la dini.

Kwanza na tufahamu maradhi yenyewe. Moyo husukuma damu katika mishipa, na damu husukuma kuta za mishipa ile. Namba ya juu ni nguvu ya msukumo pale moyo unapojikaza. Namba ya chini ni ile inayobakia pale moyo unapolegea baina ya pigo na pigo. Shinikizo zuri ni chini ya 120 juu ya 80. Likifika 140 juu ya 90 likadumu hapo, hayo ni maradhi kwa kauli ya Shirika la Afya Duniani. Baina ya hapo na hapo ndipo alipo ndugu yetu muulizaji, na ndipo walipo watu wengi wasiojijua. Huku si kuumwa bado, lakini ni kuielekea njia ya kuumwa. Katika uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015, karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne alionekana ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajapata kupimwa hata siku moja katika umri wao.

Wala mtu asiseme, "Mimi kichwa hakiniumi." Presha haina desturi ya kubisha hodi. Hukaa katika mishipa miaka kumi, ikikwaruza figo, ikiunenepesha moyo, ikiudhoofisha mshipa wa ubongo, na mwenyewe yuko barazani acheka na wenziwe.

Na kupima nako kuna adabu zake. Wako wanaotoka kunywa kahawa chungu vikombe vitatu, au kutafuna miraa usiku kucha, kisha wakaenda kupimwa hali wahema, wakaona namba kubwa wakafazaika. Mtu akae kitako dakika tano bila ya kusema, mgongo umeegemea, miguu yote miwili imekanyaga chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, na asiwe amebanwa na haja ndogo. Apimwe mara mbili, na arudie siku nyengine. Kipimo cha mara moja hakimtii mtu katika maradhi wala hakimtoi.

Tuje sasa kwenye hadithi, kwani hapa ndipo palipo na mazito.

Hadithi ya habbat sauda ni sahihi, haina shaka. Wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), na maana yake ni kuwa katika mbegu ile mna ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti. Mwenye kuikanusha amekosea. Lakini kuikubali hadithi ni jambo moja, na kuifahamu kwa ufahamu wa muuza chupa ni jambo jengine. Al-Khattabi, naye ni katika maimamu wa kale wa kusherehesha hadithi, alieleza kuwa hili ni tamko la jumla lililokusudiwa mahsusi, yaani maradhi ambayo tabia ya mbegu hii yafaa kuyatibu. Ibn al-Qayyim katika Zad al-Maad akalifananisha na aya iliyomo katika Surat al-Ahqaf, inayosimulia upepo uliotumwa kwa kina Adi, ya kwamba uliangamiza kila kitu. Na aya hiyo hiyo yataja kuwa maskani zao zilibakia zikionekana! Basi "kila kitu" pale ni kila kilichokuwa cha kuangamizwa. Hivi ndivyo walivyofahamu wenye lugha yao, na hakuna aliyewaambia kuwa wameikosea Qur'ani.

Tena yatazameni matumizi yenyewe yaliyomo katika Bukhari. Safarini aliugua mtu, akazuriwa na Ibn Abi Atiq, akawaelekeza watwae mbegu tano au saba, wazisage, kisha wamtonesee puani pamoja na mafuta. Mbegu zilizohesabiwa, namna ya kuzitayarisha, na mahali pa kuzitia, kwa mgonjwa mmoja aliyekuwa mbele yao. Hawakumwambia kila mtu anywe chupa nzima kwa kila maradhi. Ibn Khaldun katika Muqaddima alikwenda mbali zaidi, akasema kuwa tiba zilizopokewa ni katika ada za Waarabu wala si wahyi. Maulamaa wengi hawakumfuata katika hilo, nasi hatuna haja nalo hapa. Yatutosha kauli ya wale walioikubali hadithi kwa mikono miwili na hata hivyo wasiifanye badala ya tabibu.

Na tabibu alikuwako zama za Mtume (S.A.W.). Abu Dawud amepokea kuwa Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume alimwelekeza kwa al-Harith bin Kalada wa Thaqif, aliyekuwa mjuzi wa utabibu. Sanadi ya riwaya hii ina maneno, lakini maana yake yaafikiana na hadithi nyengine zilizo madhubuti, zinazotuamrisha kujitibu. Ikiwa kumwendea mjuzi si kupungukiwa na tawakkul kwao, vipi iwe kwetu?

Baada ya haya tuulize: mimea hii yafaa kweli kwa presha iliyopanda kidogo? Insafu yatulazimu tuseme kuwa baadhi yake yafaa, na kwa kiasi.

Lililo wazi zaidi ni ua jekundu liitwalo choya, na Waarabu hulita karkadeh. Mwaka 2010 huko Marekani lilichapishwa jaribio la watu 65 wenye presha ya kupanda kidogo, mfano wa ndugu yetu. Waliokunywa vikombe vitatu vya choya kila siku kwa wiki sita, namba yao ya juu ilishuka kwa daraja kama saba. Na waliopewa maji yaliyofananishwa nayo kwa rangi na ladha, ilishuka kwa moja tu. Hili si haba. Lakini hawakunywa choya yetu ya harusini, iliyojaa sukari mpaka kijiko chasimama! Mwenye kutaka faida yake na ainywe kavu, au kwa utamu mdogo mno. Mja mzito asiinywe kama dawa, na mwenye kutumia vidonge vya presha amuulize daktari kwanza, isije ikamshusha kupita kiasi.

Kitunguu thaumu nacho kimejaribiwa mara nyingi, na yaonekana hushusha kidogo kwa yule ambaye presha yake imepanda. Habbat sauda ilijaribiwa Iran, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008, kwa wanaume wenye presha ya kiasi kidogo, kwa wiki nane. Kushuka kulionekana, lakini kulikuwa kudogo. Haya ndiyo yaliyothibiti. Atiaye habbat sauda katika mkate wake na thaumu katika mchuzi wake ametenda jema, na tumbo lake litamshukuru. Ama mwenye kutumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, asimeze vidonge vya thaumu bila ya shauri, kwani viwili hivyo vikikutana damu hukataa kuganda.

Na kuna kosa jengine ambalo twalisikia kila siku, nalo ni kudhani kuwa kila kilicho cha mmea ni salama na kila kitokacho hospitali ni cha kudhuru. Miraa ni mmea, nayo hupandisha presha. Tumbaku ni mmea. Mzizi mtamu wa irki-sus, ambao Wamisri huufanya kinywaji cha Ramadhani na ambao huuzwa madukani kwa dawa ya kikohozi, ukitumiwa kwa wingi humpandisha mtu presha na kumwondolea madini ya potasiamu mwilini. Wamo waliolazwa kwa sababu yake. Na kwa upande wa pili, mizizi ya mti mmoja wa India, ambao wataalamu huuita Rauvolfia, ilitumiwa na matabibu wa huko kwa karne nyingi. Mwaka 1949 Dakta Vakil wa Bombay alichapisha habari zake kwa wagonjwa wa presha, na mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi wakaitoa ndani yake dawa ya reserpini, ikawa ni katika vidonge vya mwanzo vya maradhi haya ulimwenguni. Yaani kidonge kilitokana na mzizi. Ikaonekana vilevile kuwa kiasi kikizidi humtia mtu huzuni nzito, na kwa hivyo matumizi yake yakapungua. Mti wa ukoo huo huo waota pwani kwetu, hata wataalamu wa mimea wameupa jina la Mombasa, Rauvolfia mombasiana. Twataja hili kwa ajili ya ilimu, wala asitoke mtu na jembe! Mzizi wa msituni hauna alama ya kiasi, na baina ya dawa na sumu mara nyingi hapana ila kiasi.

Wazee wetu wa Afrika ya Mashariki wana kumbukumbu ya karibu ya jambo hili. Mwaka 2011 watu walifurika kijiji cha Samunge, Loliondo, katika Tanzania, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyesema ameoteshwa dawa ya mizizi ya mti wa mugariga. Kikombe kimoja kwa shilingi 500 za Tanzania, kwa presha, sukari, saratani na ukimwi. Safu za magari zilikuwa za kilomita kadhaa, na wako waliokufa njiani wakingojea. Walikwenda watu wa dini zote, na kutoka Kenya pia; na wako walioacha dawa zao za hospitali baada ya kikombe, wakarejea wodini hali zao ni mbaya zaidi. Waislamu wengi walicheka wakasema, tazameni Wakristo na ndoto zao. Je, tofauti ya kikombe kile na chupa hii ni ipi, ikiwa vyote viwili vyadai kuponya kila kitu, na vyote viwili vyamwambia mgonjwa atupe vidonge vyake? Yule alitumia jina la ndoto yake. Huyu atumia jina la Mtume, na hilo kwetu ni kubwa zaidi, kwani mgonjwa asipopona hubakia na shaka katika hadithi iliyo sahihi.

Sasa tuseme juu ya lile ambalo daktari alimwambia ndugu yetu akaliona ni dogo.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, nazo ni kama kijiko kimoja cha chai kisichofurika, pamoja na chumvi yote iliyokwisha kuwamo ndani ya vyakula. Sisi watu wa pwani tukihamia bara twabeba ladha zetu pamoja nasi. Papa mkavu na ng'onda huletwa kwa basi kutoka Mombasa. Achari ya maembe haikosekani sinia la biriani. Muhogo wa kukaanga hunyunyizwa chumvi na pilipili, embe bichi vilevile, na mchuzi siku hizi hauwi mchuzi mpaka utiwe unga wa paketi, nao nusu yake ni chumvi au karibu ya hapo. Kisha mtu akiwekewa sahani, kabla hajaonja, mkono umekwisha kwenda kwenye kichupa. Wengine wametuambia kuwa wao hawali chumvi ya dukani, bali hula ile ya waridi iletwayo kutoka Pakistani, au ya mawe. Chumvi ni chumvi, iwe ya waridi, iwe ya Gongoni na Marereni kwetu. Iliyomo ndani yake ni ile ile.

Hatusemi papa aharamishwe. Na arowekwe usiku, maji yamwagwe, yabadilishwe tena, apikwe kwa nazi na ndimu nyingi bila ya kuongezwa chumvi, na aliwe mara moja kwa wiki badala ya nne. Ukwaju, ndimu, bizari, tangawizi na pilipili mtama vimo majikoni mwetu kabla ya paketi hizi kuzaliwa. Na kula ndizi, kunde, mchicha na maharage huupa mwili potasiamu, ambayo huisaidia figo kuitoa chumvi. China walijaribu katika vijiji 600, kwa watu karibu 21,000, wakawapa baadhi yao chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, nayo ni kuwa kiharusi kilipungua kwa asilimia 14. Hawakubadilisha ila chumvi ya jikoni. Mwenye maradhi ya figo asijaribu chumvi hiyo bila ya daktari, maana potasiamu ikimjaa yaweza kuusimamisha moyo.

Kisha kutembea. Kiasi kilichowekwa ni dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kuweza kusema lakini usioweza kuimba. Mtu akigawa, ni nusu saa kwa siku tano. Manufaa yake kwa mwenye presha ni kama daraja tano hadi nane za namba ya juu, nayo ni sawa na choya au zaidi, na hayauzwi kwenye chupa.

Hapa watu wa Njiru hutujibu kuwa hapana pa kutembea. Wasema kweli kwa kiasi. Barabara ya Kangundo ina vumbi na malori ya mawe yatokayo machimboni, na kabla ya kupambazuka mtu huogopa kunyang'anywa simu. Lakini vilevile tumejizoesha vibaya. Mji wa Lamu mpaka leo vichochoro vyake havipiti gari, na bibi wa miaka sabini huenda sokoni na kurudi kwa miguu yake. Sisi twashuka matatu kituoni, na nyumba yaonekana kwa macho, twapanda bodaboda! Kwa hivyo vijana na wazee wa halaka wamekubaliana kutoka pamoja baada ya swala ya Alfajiri, pakisha kupambazuka, kwa njia za ndani hadi upande wa Chokaa na kurudi, watu kumi au kumi na wawili kwa pamoja. Ndugu yetu muulizaji ni mmoja wao.

Mmoja alisema kuwa swala tano zatosha kuwa mazoezi. Swala ni ibada. Haikuamrishwa kwa ajili ya mishipa, na rakaa zetu tunavyoziharakisha hazimtoi mtu hata jasho. Ama kuuendea msikiti kwa miguu, hatua zake zimeahidiwa thawabu katika hadithi sahihi, na hapo mtu hupata mawili. Basi ukiwa wataka kuchanganya, wacha pikipiki, toka mapema.

Na wanawake? Tumeona wako wanaume wanaotoka kutembea na kuwazuia wake zao, hali presha haiulizi mume wala mke. Abu Dawud amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.) safarini, akashindwa, na baada ya muda, Bibi Aisha alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena, Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kuwa hii ni kwa ile. Mume atakayetoka na mkewe alfajiri ana mfano bora kuliko huu? Na asiyeweza kutoka, liko zoezi la ndani ya nyumba. Mtu aegemeze mgongo ukutani, ajishushe kama aliyekaa kitini bila ya kiti, akae hivyo dakika moja au mbili, apumzike, arudie mara nne, siku tatu kwa wiki. Mwaka 2023 wataalamu walikusanya majaribio 270 ya mazoezi ya kila namna, wakaona kuwa namna hii ya kujikaza bila ya kwenda ndiyo iliyoshusha presha zaidi ya nyenginezo. Asizuie pumzi anapofanya hivyo. Na ambaye presha yake tayari ni ya juu sana, au ana maradhi ya moyo, aanze na daktari.

Jambo la mwisho kabla ya kurudi kwenye chupa. Mtu akipindika mdomo, akalegea mkono upande mmoja, au ulimi ukamtatiza ghafla, hicho ni kiharusi. Kwetu pwani desturi ilikuwa kusema amepigwa na upepo, akaitwa mganga, likaandikwa kombe, akafukizwa, na saa zikapita. Sisi hatukanushi majini, wala hatukanushi kisomo. Twasema mshipa umeziba au umepasuka katika ubongo, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina saa nne na nusu tu za kufaa tangu dalili zianze. Somni Fatiha, lakini isomeni ndani ya gari na gari liwe laelekea hospitali.

Basi jawabu la suala ni hili. Ndugu yetu hana dhambi akila habbat sauda, akinywa choya, akitia thaumu chakulani. Na akinuia kumfuata Mtume atapata thawabu ya nia yake inshaallah. Lakini haijuzu kuziweka badala ya shauri la daktari mjuzi na mwaminifu, na arudi kupimwa baada ya miezi mitatu kama alivyoambiwa. Ikiwa namba zimepanda na akaandikiwa vidonge, avimeze. Ramadhani ikimkuta, vingi katika vidonge hivi humezwa mara moja kwa siku, basi amuulize daktari wake, naye atamwekea wakati wa futari au wa daku; na aliyeambiwa na tabibu mwaminifu kuwa saumu yamdhuru, ana ruhusa iliyomo katika Surat al-Baqara, wala asione aibu kuitumia.

Ama muuza chupa, amepokea Abu Dawud, na Nasai, na Ibn Majah, kuwa mwenye kujifanya tabibu hali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Fuqahaa wakalijengea hukumu za fidia. Kwa hivyo aliyemwambia mgonjwa aache vidonge asijiepushe kwa kusema kuwa ni kadari ya Mungu.

Tulipokwisha kuyasema haya darsani, muuza chupa mwenyewe alikuwamo, ameketi nyuma karibu na viatu. Si yeye aliyemwamrisha mwenzetu aliyepooza. Huyo ni mwengine, amekwisha kuhama. Huyu ni mtu masikini mwenye watoto watano, na hizo chupa ndizo ada ya skuli. Alisimama akauliza afanye nini na zilizobakia, nazo ni arubaini na tatu. Tukamwambia: Uza, kwani habbat sauda na asali ni mali halali. Bandua karatasi ile. Andika vilivyomo ndani na uzani wake, usiandike jina la maradhi, wala usitie jina la Mtume katika biashara yako. Na mwenye kukwambia ana presha, muulize kwanza, "Umepimwa lini?"

Akauliza tena kama watanunua. Hatukuweza kumdhaminia hilo. Jumamosi iliyofuata alikuja na chupa moja yenye karatasi mpya, akaipitisha kwa watu waisome, na bei ameishusha hadi shilingi 600.

Wallahu aalam.